Mwaka Tuliopita Nyuma ya Ukuta wa Harpal

Jasi alipobisha hodi kwangu hapa Sokon I mwezi uliopita, sikumjua. Nywele nyeupe zote, miwani, viatu vya raba kama anakwenda kupanda mlima. Nikamkaribisha kama ninavyomkaribisha yeyote anayekuja kushonewa, nikavuta futi yangu shingoni, nikamuuliza ni gauni au suruali. Alifungua mkoba akatoa plugi ya gari, ya zamani, iliyoviringishwa waya wa shaba kiunoni, akailaza juu ya meza yangu ya kukatia, pua ikinitazama mimi. Halafu taratibu, kwa kidole kimoja, akaigeuza ubavu. Nililia kwa sauti mpaka mjukuu wangu Neema akatoka chumbani mbio akidhani nimeungua na pasi. Tulishikana pale katikati ya vipande vya vitambaa, vikongwe wawili, tunacheka huku kamasi zinatutoka.

Tulipopata pumzi Jasi akaniambia hakuja peke yake. Harpal, binamu yake wa Moshi, alikuwa nje kwenye gari, na alikuwa anaogopa kuingia.

"Kwani bado analikumbuka lile deni?" nikauliza.

"Amelitaja tangu Moshi mpaka hapa," akasema Jasi.

Nikamwambia basi mwache akae kidogo, gari lina kivuli, kwanza nimweleze huyu mtoto. Maana Neema alikuwa ameishika ile plugi anaigeuzageuza kama mtu aliyeokota jino. Neema anasoma chuo Makumira, na mimi kwake ni bibi wa cherehani na kwaya, basi. Nikamwambia, hiyo siyo plugi. Hiyo ni meli ya kivita ya angani, inaitwa Mshare, kama zile ndizi za kupika, na mimi ndiye niliyekuwa naiongoza. Kaa chini.

Ya nilikozaliwa na nani alimzaa nani nayaacha, hayo waulizeni wazee wa ukoo, wanayapenda. Mimi naanzia mwaka uliofuata ule niliomaliza darasa la saba, au tuseme darasa la saba liliponimaliza mimi. Majina ya waliochaguliwa yalisomwa, langu halikusomwa. Nikateremshwa kutoka mlimani na kapu la nguo, nikapelekwa karibu na Daraja Mbili, kwenye nyumba ya Masingasinga wenye gereji, nijifunze kushona kwa mama wa nyumba hiyo. Tulimwita Mama Jasi. Alishona sare za shule barazani, sketi za bluu marundo kwa marundo, na kwa wiki za mwanzo kila sketi niliyoipiga pindo niliona kama inanicheka, kwa sababu kuna msichana angeivaa kwenda sekondari na msichana huyo si mimi. Siku moja nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni nakanda unga wa chapati, nikamsikia jirani wa Kichaga anamuuliza Mama Jasi yule mtoto wa Kimeru anaendeleaje. Mama Jasi akajibu bila kushusha sauti, "Kichwa kizito, mkono mwepesi." Nilisukuma zile chapati siku hiyo mpaka zikawa nyembamba kama kanga. Kuna neno ukilisikia ukiwa na umri ule linakaa tumboni kama jiwe la kusagia, na mimi nililibeba.

Jasi, binti yake, alikuwa rika langu. Kila jioni alirudi kutoka shule, akala, akapotelea chumba cha nyuma ya gereji, na sikujua anakwenda kufanya nini mpaka aliponituma nimletee mabaki ya kitambaa cheusi cha bitana. Nikaingia nacho. Chumba kilinuka grisi na mpira. Katikati palikuwa na mlango mzima wa mninga uliolazwa juu ya mapipa mawili, na juu ya mlango ule palikuwa na vita. Mjomba wake wa ng'ambo alikuwa amemletea mchezo ndani ya boksi, vita vya meli za angani, zile za kwenda nyota hadi nyota. Meli zenyewe zilikuwa za karatasi ngumu na panya walishazitafuna zamani. Vilivyobaki ni kijitabu cha sheria na dadu. Kwa hiyo Jasi alijitengenezea meli zake kwa vyuma vya gereji: plugi, nati, vali, na moja kubwa aliyoipenda kuliko zote aliyoiunda kwa kipande cha kabureta. Aliiita Kabureta, hakuhangaika kutafuta jina. Mawe yanayoelea huko angani yalikuwa ni yale mawe mepesi ya mlimani, yenye matundu, ya kusugulia miguu. Kile kitambaa cheusi nikakiunga vizuri, nikakitandika, nikakidonoa kwa chaki pawe na nyota. Jasi akatazama akasema, haya, kaa, mmoja lazima awe adui.

Hivyo ndivyo nilivyoingia vitani. Jasi alisoma sheria kwa Kiingereza na kunieleza kwa Kiswahili, na nikaona kumbe jambo lote liko kwenye milango. Sisi tuliita milango. Kila mzinga wa meli una mlango wake wa kupigia, yaani upande ambao makombora yake yanafika: anayesimama kwenye mlango anapigwa, anayesimama nyuma ya ukuta hapigwi, hata awe karibu namna gani. Meli zetu zilikuwa na mzinga mmoja mdogo puani, mizinga mitatu kila ubavu, na nyuma hazina kitu. Kwa kupima mlango unaishia wapi Jasi alihangaika na rula, akibishana na nafsi yake. Mimi nikachukua katoni nikakata umbo la kola, upana uleule wa mlango wa ubavuni, nikaiweka kando ya meli: kilicho ndani ya kola kinapigika, kilicho nje kimepona. Mabishano yakaisha. Sheria nyingine ni kwamba huwezi kupiga kupitia meli ya mwenzako. Na nyingine, ambayo muikumbuke: meli iliyosimama haiwezi kugeuka hapo ilipo, mpaka isogee mbele shibiri moja kwanza.

Nilishindwa. Nilishindwa miezi. Jasi alinipiga kila jioni mpaka ikawa anapiga miayo, na kosa langu lilikuwa lilelile na hakuna aliyeweza kuniachisha. Nilielekeza pua za meli zangu zote kwa adui. Jasi akasema puani una kamzinga kamoja, Anaeli, mizinga iko ubavuni, mpe ubavu! Nikasema ndiyo, halafu zamu ikifika vidole vyangu vyenyewe vikaigeuza meli pua kwa adui. Leo najua kwa nini. Kule nilikolelewa mtu akiwa mbele yako unamtazama. Kumpa mtu ubavu wakati ana jambo na wewe ni kiburi, na mimi nilishachapwa kwa hilo. Kwa hiyo mimi, na adabu zangu zote, nilikwenda kufa nikiwa nimemtazama mtu usoni. Lakini nitasema jambo moja: katika chumba kile hakuna aliyeniuliza matokeo ya mtihani. Nilishindwa, nikacheka, nikapanga upya. Jiwe la tumboni lilipungua uzito kila nilipoupita mlango ule. Ningelala njaa kuliko kukikosa chumba kile.

Ndipo nikasikia habari za Harpal. Kila likizo ya mwisho wa mwaka alikuja kutoka Moshi, kijana mkubwa wa kidato cha sita, kilemba cha bluu, ndevu ndiyo zinaanza na anazishikashika. Yeye na Jasi walipigana kila mwaka, na kila mwaka aliyeshinda alichukua meli za mwenzake alizozipiga. Harpal alikuwa ameshinda miaka yote. Jasi alijitengenezea nyingine. Lakini mwaka ule baba yake Jasi alisema basi, vyuma vya gereji si vya kuchezea, vinauzwa, na zikienda hizo hakuna nyingine. Nilikuwa namimina chai aliposema. Jasi alitazama sahani yake ya dengu, hakula. Na mimi nilielewa vizuri kabisa: Harpal akishinda, meli zinakwenda Moshi, ule mlango wa mninga unarudi kuwa mlango, na mimi nabaki na sketi za bluu na kichwa kizito.

Jasi akaniambia tutampiga wawili. Akanichorea kwa unga juu ya meza ya jikoni jinsi Harpal anavyopigana. Anajenga ukuta. Anapanga meli zake saba mstari mmoja, pua ya hii mkiani mwa ile, zimebanana kama meno, ubavu wote kwako, halafu anasimama anakungoja. Ukienda usoni kwake mizinga ishirini na moja inakutazama kwa pamoja. Jasi alijaribu kulia, akajaribu kushoto, akajaribu kwa kundi, kila mara meli zake zilizibana milango na ukuta ukamla. Hatukuona njia. Mama Jasi akaja akafuta ukuta wa Harpal kwa kitambaa, akasema unga ni wa kula.

Njia niliiona njiani. Niliruhusiwa kwenda nyumbani siku chache kabla ya sikukuu, na siku ya soko tukateremka na mikungu kwenda Tengeru, wanawake saba au nane kwa foleni, kile kijia cha katikati ya migomba hakiruhusu wawili. Asiyebeba mkungu kichwani hajui: huna shingo. Ukitaka kutazama kando unageuka mwili mzima. Basi mbele yetu, kwenye kona, alikuwa amesimama mzee mmoja mkali wa kule kwetu, aliyezoea kusimamisha wasichana na kuwahoji wanakwenda wapi, wanarudi saa ngapi, mbona mkungu wenyewe mchanga. Lakini aliyetangulia, shangazi yangu mwenye shingo kama nguzo, hakusimama wala hakugeuka. Alimpita kwa bega, na alipokuwa sambamba naye akasema shikamoo. Mzee akajibu marahaba, akafungua mdomo kuuliza, na hapo hapo wa pili akafika. Shikamoo. Marahaba. Wa tatu. Shikamoo. Mzee wa watu hakupata nafasi. Kila alipotaka kuhoji kulikuwa na shikamoo nyingine ya kujibu, na adabu ilimfunga asiache hata moja. Alipomaliza kuitikia tulishampita wote, tuko nyuma ya mgongo wake. Nilisimama katikati ya njia na mkungu kichwani, aliyekuwa nyuma yangu akanigonga na kunitukana. Sikumsikia. Nilikuwa naona meli.

Nilirudi mjini na mkungu wa mshare na sikuvua hata viatu. Nikamwambia Jasi, hatuendi usoni kwake. Tunakwenda foleni, ukingoni mwa meza, mpaka mwisho wa ukuta wake, pale mkia wa meli ya mwisho ulipo. Mkiani hana mzinga. Tunapita hapo, moja moja, kila meli ikifika sambamba inampa ubavu mzima na kuendelea. Hizo nyingine zitashindwa kutupiga kwa sababu mwenzao amesimama kwenye mlango wao. Jasi alishika kidevu. Akauliza je, akigeuka? Nikasema amebanana, na kabla ya kugeuka lazima asogee shibiri, na shibiri hana. Jasi akauliza jambo moja zaidi tu, nani atatangulia, maana kule ukingoni kuna sehemu haina mawe ya kujificha na wa kwanza atapigwa. Nikamwambia anatangulia mwenye shingo. Kabureta. Machozi yalimlenga, ile ilikuwa meli ya moyo wake. Lakini akasema sawa. Na mimi nilikwenda kulala nikijirudia kwamba adui si lazima umtazame usoni, hata kama ni mkubwa wako.

Harpal alikuja na boksi la biskuti za nazi na maneno. Wakati wa chakula alimwambia baba yake Jasi kwamba amesikia safari hii kuna jenerali kutoka mlimani, anahesabu kwa vidole. Wakacheka mezani. Ni kweli nilihesabu kwa vidole, na vidole vilitosha. Tulipoingia chumba cha nyuma, Jasi alipomwambia asiringe, Harpal akasimama, akashika kilemba chake, akasema mbele ya mafundi wote waliokuja kutazama, "Mkinishinda nyinyi, mimi Harpal nitawaamkia. Shikamoo kwa kila meli." Mafundi waliangua kicheko, maana lini uliona mkubwa anamwamkia mdogo? Ilikuwa kama kusema mto utapanda mlima.

Akajenga ukuta wake, saba, umenyooka, unang'aa, alikuwa amezipaka mafuta. Sisi tukapanga saba zetu foleni, Kabureta mbele, Mshare nyuma kabisa. Zamu ya kwanza tukageukia ukingoni. Zamu ya pili tukaingia nyuma ya mawe. Harpal akanywa chai akasema wanakimbia, akamwuliza Mama Jasi kama kuna chapati zimebaki. Fundi mmoja mzee akasema pole, wasichana, mtajificha mpaka lini? Tukafika pale pasipo na mawe na Kabureta ikatoka peke yake kwenye mwanga. Harpal aliacha chai. Alirusha dadu mpaka zikagonga ukuta wa chumba, na Kabureta ikapigwa mizinga yote ya upande mmoja na nusu ya mwili, Jasi akawa anahesabu majeraha kwa sauti. Lakini haikufa. Ilipita pale pa wazi, nyuma yake ya pili ikapita, na mimi nikaweka ile kola yangu ya katoni kando ya Kabureta, upande uliobaki mzima, na ndani ya kola palikuwa na kitu kimoja tu: mkia mtupu wa meli ya mwisho ya Harpal.

"Shikamoo," nikasema, nikarusha dadu.

Sikupanga kusema. Ilinitoka. Meli ya pili ikafika sambamba, Jasi akasema shikamoo, akarusha. Ya tatu, shikamoo. Meli ya mwisho ya ukuta ikafa, na ilipoondolewa mezani ule mkia wa meli iliyokuwa mbele yake ukabaki wazi, nao mtupu vilevile. Mafundi wakaelewa. Wakaanza kuitikia wao, kwa pamoja, marahaba, kila dadu zinapoanguka, marahaba, mpaka mabati yanatikisika. Harpal alitaka kugeuza meli zake. Iliyokuwa mbele kabisa ilisogea shibiri ikageuka, lakini za katikati zilikuwa zimebanana, akalazimisha, mbili zikagongana na sheria ikazila zote mbili, sheria aliyoisoma mwenyewe. Ilipofika Mshare, ya mwisho kwenye foleni, plugi yangu na waya wake wa shaba, ukuta ulikuwa umebaki meli moja, na ile iko pua kwetu. Imetutazama usoni, ina kamzinga kamoja. Nilimhurumia, nilijua hilo kosa. Nikaigeuza Mshare ubavu kwa kidole kimoja, polepole, ili aone. Kisha nikarusha.

Mama Jasi alikuwa mlangoni na upawa mkononi, sijui tangu saa ngapi. Alinitazama mimi, akatazama meza nyeusi isiyo na hata meli moja ya Moshi, akasema, "Njoo ule." Akanipakulia mwenyewe, na kwenye nyumba ile hakuna aliyekuwa anapakuliwa na Mama Jasi ila mgeni. Hakurudia tena lile neno la kichwa kizito. Na hata angelirudia lisingenipata, lilikuwa nje ya mlango. Baba yake Jasi aliondoka na vali moja ya Harpal, akaiweka dirishani gerejini iwe ushahidi. Harpal hakuonekana kwenye chakula, akasema tumbo linamuuma. Asubuhi alishaondoka, na shikamoo zake zote akaondoka nazo.

Mwaka mmoja, basi. Baadaye Jasi alikwenda kuolewa ng'ambo na nikampa Mshare aende nayo. Mimi nilishona. Nimeshonea nusu ya shule za mji huu, nimesomesha watoto wanne kwa cherehani, na nimekutana na wanaume waliojenga kuta zao mbele yangu, wenye nyumba, wenye tenda, mume wa kwanza naye. Sikwenda usoni kwa hata mmoja. Nilitafuta mkia. Watu wanasema Mama Anaeli ana bahati. Sina bahati, nina foleni.

Neema alikuwa ameacha kuigeuza plugi. Akaenda mwenyewe kufungua mlango, akaita kule nje. Tukasikia fimbo kwenye saruji, kisha Harpal akaingia, mzee, kilemba bado cha bluu, ndevu nyeupe hadi kifuani. Neema, mtoto aliyelelewa, akapiga goti kidogo akasema shikamoo babu.

"Marahaba, mjukuu wangu. Ngoja, mimi bado sijaamkia."

Akaegemeza fimbo kwenye cherehani. Akasimama wima mbele yangu na Jasi, mikono mbele, kama mtoto wa shule.

"Shikamoo," akasema.

Neema akanitazama kwa macho makubwa. Mimi sikuitikia. "Hiyo ya Kabureta," nikamwambia. "Endelea."

Akaendelea. Ya pili, ya tatu, Jasi anamhesabia kwa vidole, na sauti ya mzee ikazidi kutetemeka, sijui kwa kicheko au kwa kitu kingine. Ya sita akapumzika akavuta hewa. Kisha akasogea mezani, akaiona ile plugi, akaigusa kwa kidole kimoja akaigeuza ubavu unielekee mimi.

"Shikamoo, jenerali."

Nikamwacha asimame hapo kidogo. Yule mzee wa kijiani aliitikia kila moja mpaka akachoka, mimi sikuwa na haja hiyo. Zote saba zilitosha jibu moja.

"Marahaba, Harpal," nikasema. "Vuta kiti. Neema, tandika kitambaa cheusi."